Siku Moja na Meli za Mwanza

Wengi wetu tukienda Mwanza huwa kuna sababu: harusi, msiba, semina ya ofisi au kusalimia wakwe. Tunafikia kwa ndugu, tunakula sato mpaka basi, tunapiga picha na yale mawe yanayobebana mlimani, na siku ya kuondoka tunafungasha dagaa na boksi la samaki wa barafu. Ziwa lenyewe tunaliona kupitia dirisha la gari. Watoto wakiulizwa shuleni likizo ilikuwaje, wanajibu kwa mkato, "Tulienda kwa bibi."

Basi mwezi huu nakuletea mzunguko wa siku moja ambao familia nzima inaweza kuufanya bila kuvunja kibubu. Utapanda kivuko, utavuka daraja, utasikia habari za meli, na jioni utakula samaki. Na kama mwenza wako alizaliwa kandokando ya Ziwa Victoria, jiandae. Unaweza kusikia jambo ambalo miaka kumi na moja ya ndoa haijawahi kukuambia. Mimi nililisikia.

Wazo lilikuwa la binti yetu wa miaka kumi. Kwenye likizo iliyotangulia tulimpeleka Mombasa, akaona ndani ya Fort Jesus vitu vilivyoopolewa kutoka Santo Antonio de Tanna, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697. Tangu hapo, kila mji tunaoingia anauliza makumbusho ya meli yako wapi. Zanzibar tulimweleza kuhusu Beit al-Ajaib, lililokuwa na mtepe ndani yake, chombo cha kale ambacho mbao zake zimeshonwa kwa kamba. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka Desemba 2020. Akanuna siku nzima.

Tulipofika Mwanza mwishoni mwa Juni 2025, swali likawa lilelile. Bibi yake ndiye aliyejibu, tena bila kuacha kuchambua mchele.

"Makumbusho ya nini tena, mjukuu wangu? Meli zenyewe si ziko pale majini, na sisi tuliozipanda tupo."

Kesho yake saa moja asubuhi, mama mkwe alikuwa wa kwanza kukaa kwenye gari, kitenge kipya, mkoba mapajani, mfuko wa michembe na karanga miguuni. Hakuna aliyekuwa amemwalika. Alijialika mwenyewe, na ndiye aliyeifanya safari iwe safari.

MELI ZILIZOBEBWA KICHWANI

Anzia pale linapoonekana Jiwe la Bismarck, lile jabali lililosimama majini kama limewekwa kwa mkono. Jina ni la Otto von Bismarck, kiongozi wa Ujerumani, kwa sababu Wajerumani ndio waliotawala hapa mpaka Waingereza walipowapokonya mji Julai 1916, wakishuka na askari kutoka kwenye meli za ziwani. Asubuhi hapa pametulia. Wavuvi wa dagaa wanarudi na karabai zao zimezimwa, ndege wanawafuata, na watoto wana nafasi ya kuuliza maswali kabla jua halijawa kali.

Swali la kwanza la mwanetu mdogo, wa miaka sita, lilikuwa zuri kuliko anavyojua: "Baba, hii bahari haina mlango. Meli kubwa ziliingiaje?"

Na hapo ndipo historia ya ziwa hili inapoanzia. Ziwa Victoria, ambalo wenyeji waliliita Nyanza karne nyingi kabla John Speke hajalitazama kutoka upande huu wa Mwanza Agosti 1858 na kulipachika jina la malkia wake, lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Lakini meli haiwezi kuingia kutoka baharini. Mtumbwi unachongwa hapahapa. Meli kubwa inabidi ije vipande vipande.

Henry Morton Stanley alipofika kwenye Ghuba ya Speke Februari 1875, alikuwa na mashua iliyoitwa Lady Alice, iliyokatwa vipande na kubebwa na wapagazi kutoka Bagamoyo. Fikiria mwenyewe: miezi zaidi ya mitatu, njaa, maradhi na vita njiani, kipande cha mashua begani. Jina la mashua limo vitabuni. Wengi kati ya mabega yaliyoibeba hatuyajui majina.

Kisha zikaja za moshi. SS William Mackinnon ilitengenezwa Scotland mwaka 1890, ikafika Mombasa ikiwa vipande, na ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900 tu. Miaka kumi kuunda meli moja! Hata MV Victoria, ambayo wengi wetu tunaijua, ilitengenezwa Glasgow, ikafunguliwa kama kitanda cha kuhamia nyumba mpya, ikaletwa kwa meli na treni mpaka Kisumu, ikaungwa tena na kuanza kazi mwaka 1961.

"Ile naijua," mama mkwe akaingilia. "Niliipanda mwaka 1982, tunampeleka wifi yangu kuolewa Bukoba."

Akasimulia. Walivyoondoka Mwanza usiku na taa za mji zikawa ndogo kama vimulimuli. Walivyokesha wanaimba, bibi harusi akiwa ameegemea gunia la mchele. Walivyofika asubuhi, wakwe wamejaa gatini na ngoma. Alikuwa anacheka peke yake.

"Wifi huyo ndiye bibi yupi?" binti yetu akauliza.

"Shangazi yake baba yako," akasema mama mkwe, na kicheko kikaishia hapo. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anatafuta funguo za gari, nazo zilikuwa mkononi mwake.

KUPANDA KIVUKO

Kivuko cha Kamanga kiko karibu na hapo. Unaingiza gari, unakatiwa tiketi, na unavuka Ghuba ya Mwanza kuelekea upande wa Sengerema. Kwa watoto hii ndiyo raha yenyewe: baiskeli, pikipiki, magunia, kuku wamefungwa miguu, wanafunzi, mwalimu anasahihisha madaftari, bwana mmoja amelala amesimama. Nyuma yako Mwanza inajipanga yote, vilima na mawe na mabati yanayong'aa, kama mji umepandishwa jukwaani.

Ukiwa majini, onyesha watoto bandari. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na ndiyo iliyoufanya mji huu kuwa mlango wa ziwa. Kuna MV Umoja, meli ya miaka ya 1960 yenye reli ndani yake: behewa linaingia Mwanza na kutokea Port Bell, Uganda, bila mzigo kushushwa. Kuna Victoria, iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi kazini mwaka 2020 ikiwa imeongezewa jina la Hapa Kazi Tu. Na kuna MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, yenye urefu wa mita 92.6 na uwezo wa kubeba abiria 1,200. Hii nayo vifaa vyake vililetwa na kuungwa hapahapa Mwanza kwenye chelezo. Miaka mia na ishirini baadaye, ziwa bado halina mlango.

Sasa nikuambie kuhusu baba watoto. Ni mtu wa masihara. Kwenye foleni ya benki anachekesha watu asiowajua. Lakini kivukoni siku hiyo alikuwa mtu mwingine. Alitutoa wote ndani ya gari kabla kivuko hakijaondoka, hata mama yake mwenye magoti mabovu. Alinyoosha kidole akihesabu majaketi ya kujiokolea, midomo ikicheza kimyakimya. Alisimama karibu na ukingo, mkono mmoja kwa kila mtoto, na hakuangalia mandhari wala nini. Nikakumbuka kwamba katika miaka yote hii, kila tulipoalikwa Bukoba tulikwenda kwa ndege, au kwa gari tukizunguka kwa barabara siku nzima. Siku zote kulikuwa na sababu nzuri.

Mama mkwe alikuwa anamwangalia pia. Hakusema kitu. Akamenya karanga, akampa.

DARAJA NA FOLENI ILIYOKUFA

Kutoka Kamanga unaendesha mpaka Sengerema, halafu unageukia Busisi. Hapo ndipo utakapokutana na kitu ambacho kila Mkanda wa Ziwa alikisubiri: Daraja la J.P. Magufuli, kati ya Busisi na Kigongo, lenye urefu wa kilomita 3. Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua Juni 19, 2025, na sisi tulilivuka siku chache tu baadaye. Watu walikuwa bado wanasimamisha magari mwanzoni mwa daraja ili wapige picha.

Kama hujawahi kupita Kigongo enzi za kivuko, hutaelewa furaha ya watu. Ulikuwa unaweza kukaa kwenye foleni saa mbili au zaidi. Mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Bugando anasubiri. Maharusi wanasubiri. Maiti inasubiri. Sasa unavuka kwa dakika chache, na mtoto wetu mdogo alilalamika kwamba imeisha haraka.

Mama mkwe alifurahi, lakini hakukosa neno. "Foleni ile ilitutesa, sawa. Lakini pale ndipo ulipojua nani amefiwa, nani ameoa, mahindi bei gani Geita. Sasa mtapita kama upepo."

Nililipenda hilo. Chombo kikistaafu, kinaondoka na mazungumzo yake. Usipoyauliza mapema, watoto watakuta jina la kituo tu.

Ukifika Usagara una njia mbili. Moja inakurudisha mjini moja kwa moja. Nyingine ni barabara ya mchepuko inayokupeleka Kisesa. Mpango wetu ulikuwa kupita Kisesa ili watoto waone Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, yaliyoanzishwa na padri kutoka Kanada, David Clement, pamoja na wenyeji. Tukaona ngoma za watemi na nyumba ya wahunzi, na ni mahali pazuri mno, pa kuandikiwa siku yake. Baada ya hapo tukashika barabara ya kurudi mjini. Barabara hiyo inapita Igoma.

"Simama hapa," mama mkwe akasema.

"Mama, watoto wamechoka," mume wangu akajibu.

"Simama, mwanangu."

IGOMA

Msomaji wangu mwenye umri kama wangu anaijua tarehe: Mei 21, 1996. MV Bukoba ilikuwa inatoka Bukoba kupitia Kemondo kuja Mwanza, na asubuhi hiyo ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika. Ilikuwa imeruhusiwa kubeba abiria 430. Iliowabeba walizidi mno idadi hiyo, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa wameorodheshwa, ndiyo maana mpaka leo hesabu ya waliokufa hutajwa tofauti tofauti, kuanzia zaidi ya 500 mpaka karibu 1,000. Wazamiaji walikuja mpaka kutoka Afrika Kusini. Nchi iliomboleza siku tatu. Na wengi wa waliopatikana walizikwa hapa Igoma, wakiwamo ambao hakuna aliyeweza kuwatambua.

Hapana kelele hapa. Kuna makaburi, kuna mnara wa kumbukumbu, kuna majani, na kwa mbali daladala zinaita abiria. Tulitembea polepole kwa ajili ya magoti ya mama. Binti yetu, aliyekuwa anaandika jina la kila meli kwenye daftari lake tangu asubuhi, akauliza, "Hii meli sisi hatukuiona bandarini?"

"Hamkuiona," baba yake akasema. "Mimi ndiye niliyekwenda kuisubiri."

Nilikuwa ninajua kwamba shangazi yake alifia majini. Nililijua kama unavyojua mambo ya ukweni, kwa sentensi moja uliyoambiwa wakati wa uchumba, na mlango ukafungwa. Siku hiyo ulifunguliwa.

Alikuwa na miaka tisa. Baba yake alimwamsha mapema waende bandarini kumpokea shangazi, ambaye kila akija humletea mkungu wa ndizi na kumwita mume wangu. Walisubiri. Watu wakaanza kukimbia huku na huku, wengine wanalia, hakuna anayejua lolote kwa uhakika. Baadaye ikasikika kwamba meli imepinduka lakini sehemu yake bado inaelea, na ndani wanasikika watu wakigonga. Kisha zikaja habari za kutoboa. Mashimo yalitobolewa kwenye bati ili watu watolewe, hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka, nayo ikazama.

"Kwa nini walitoboa?" binti yetu akauliza.

"Walitaka kuwaokoa," akasema. "Walikuwa na haraka, na hawakuwa na vifaa wala watu waliofundishwa kazi hiyo."

Waliendelea kwenda bandarini, yeye na baba yake, kila siku kwa wiki mbili. Shangazi hakupatikana. Siku ya mwisho, wakirudi nyumbani kwa miguu, mzee akamwambia: "Haya mambo usiyaseme mbele ya mama yako. Atalia, ataugua." Naye mtoto akatii. Akatii mpaka akawa na miaka thelathini na nane.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye ukingo wa saruji, viatu amevivua. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Na mimi aliniambia nisikuulize. Alisema wewe ni mtoto, nikikukumbusha utaota usiku."

Mzee alifariki miaka mingi iliyopita. Alikuwa mtu mwema, kila mtu Mwanza atakuambia hivyo. Kwa wema wake aliwafunga mke na mtoto midomo, kila mmoja akimlinda mwenzake, na dada yake aliyeimbiwa usiku kucha ndani ya Victoria akabaki kuwa jina lisilotajwa mezani. Miaka ishirini na tisa.

Sikuwa na la kusema. Nilichukua mkono wa mume wangu. Mama mkwe alichukua wa pili. Mtoto mdogo, ambaye hakuwa ameelewa nusu ya mambo, akamwuliza bibi kama yule shangazi alikuwa anajua kuogelea. "Hakujua," bibi akasema. "Lakini alijua kuimba." Na akaimba kidogo, wimbo wa kumsindikiza bibi harusi, palepale, kwa sauti ya mzee. Mume wangu akalia. Mbele ya watoto, mchana, bila kuficha uso.

SATO, NA MASWALI ZAIDI

Jioni tulikula sato wa kuchoma na ugali kandokando ya maji. Nilidhani tutakuwa tumenyamaza. Wapi! Mama mkwe na mwanawe walisemezana mpaka giza likaingia: shangazi alivyokuwa mbishi, alivyompiga jirani kwa mwiko, alivyopenda kanga za rangi ya chungwa. Nikamjua mtu mzima ambaye nilikuwa nimeolewa kwenye ukoo wake bila kumfahamu. Wanangu nao wakampata bibi mmoja zaidi.

Najua wako watakaosema makaburi si mahali pa kupeleka watoto likizo. Mimi nasema inategemea unawapeleka na nani. Watoto wa ziwa wanapanda vyombo hivi kila siku. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na kisiwa cha Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101, na waliokufa walizidi 220. Miaka ishirini na miwili baada ya MV Bukoba, kosa ni lilelile la kujaza kupita kiasi. Mtoto anayejua habari ya MV Bukoba ana sababu ya kushuka chombo kikijaa, hata kama wenzake wanamcheka. Kwa hiyo sasa ninaelewa kwa nini baba yao alihesabu majaketi. Tulipopanga safari ya mwisho wa mwaka, binti yetu alisema na yeye atahesabu.

UKITAKA KWENDA

Gari la kukodi la siku moja linatosha kwa mzunguko mzima: Mwanza mjini, Kamanga, Sengerema, Busisi, Usagara, Kisesa, Igoma, mjini. Anza saa moja asubuhi. Kwenye kivuko, shukeni wote garini, fungeni watoto majaketi na msimame penye hewa. Kama chombo kimejaa, subirini kinachofuata, hakuna harusi inayozidi uhai. Bandarini usiingie ovyo wala kupiga picha bila kuuliza. Meli zinaonekana vizuri ukiwa majini au ukipanda juu Capri Point. Mkiwa na siku ya pili, kivuke Kisiwa cha Saanane, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 2013. Igoma vaeni heshima, zimeni simu, na mkiweza nendeni Mei 21, siku ambayo familia hukusanyika.

Na usiondoke nyumbani bila mzee mmoja ndani ya gari. Mkalishe kiti cha mbele, mpe karanga, halafu mwulize swali moja tu: "Mama, wewe ulipanda meli gani?" Kisha punguza redio.